Boti ya dizeli yenye supachaja: ujue unalipia nini kabla hujatuma pesa

Kila kusi ikianza kupungua na watu kuanza kuota tena habari ya kwenda nje kuvua, simu za kuulizwa kitu kimoja zinaanza. Mtu ameona boti ya mkono wa pili, futi thelathini na kitu, iko Uingereza ama Dubai, picha zinang'aa, bei imeshuka mpaka inatia wasiwasi, alafu kwenye maelezo ya injini pameandikwa dizeli, turbo na supachaja. "Fundi, hii si ndo poa zaidi? Ina zote mbili!" Na jibu langu huwa refu kuliko alivyotaka, manake yeye anataka ndio ama la, na mimi naanza kumuuliza boti itakaa wapi, itatoka mara ngapi kwa mwezi, na ni yeye mwenyewe anaendesha ama ana nahodha. Basi leo naandika yote hapa, mwengine akiuliza natuma linki tu.

Msimamo wangu ni huu, nautaja mapema. Supachaja kwenye boti ya starehe ni kifaa kizuri sana kinachofanya kazi kwa sekunde chache kwenye safari nyingi, na kwa vile watu wengi wa pwani yetu wanavyotumia boti zao, kinawaharibikia zile siku ambazo boti haitoki kabisa. Wapo ambao nitawaambia chukua bila wasiwasi, lakini sio wengi.

Sasa tuelewane hiki kitu ni nini. Dizeli nguvu yake iko kwenye hewa. Mafuta kuongeza ni rahisi, ukimwaga mafuta mengi na hewa haitoshi unapata moshi mweusi na joto na hupati kasi. Kwa hivo watu wakatafuta njia ya kusindilia hewa ndani ya silinda. Turbo inazungushwa na moshi wa egzosti, ule ambao ungetoka bure baharini, kwa hivo ni kama haikugharimu kitu, ila moshi ukiwa mchache nayo inalala. Supachaja inazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda ama kwa gia, iko hapohapo ukiihitaji, ila inakula nguvu ya injini ndo ikuletee nguvu. Inayokuja sana kwenye boti ni ile ya aina ya Roots, rota mbili zinazopishana ndani ya kasha bila kugusana. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, kule Connersville, Indiana, ndo waliochukua hataza yake mwaka 1860, na hawakuwa na habari ya injini, walikua wanatafuta kupuliza hewa kwenye tanuri za kuyeyusha chuma. Turbo ni ya Mswisi Alfred Büchi, hataza 1905, na ilionyesha kazi yake majini kabla watu hawajaizoea kwenye malori: kwenye miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekewa turbo za Büchi na injini zikatoka HP 1,750 zikafika 2,500.

Kwa meli turbo haina shida yoyote. Meli ikishatoka bandarini inakwenda mwendo mmoja mchana na usiku, moshi ni uleule, turbo inazunguka tu. Shida iko kwenye boti ndogo ya kupanda juu ya maji.

Chukua boti ya mita 10. Mpaka kama noti 7 hivi (noti ni kipimo cha mwendo wa baharini) inakata maji taratibu, injini haijali, unaweza kuongea bila kupiga kelele. Ukiendelea kuongeza aksela, boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe. Omo, yaani mbele, inanyanyuka, tezi, yaani nyuma, inakaa chini, na hapo katikati, kabla haijalala juu ya maji na kuanza kuteleza kwenye noti 15 ama zaidi, kuna kilima. Upinzani wa maji unakua mkubwa sana kwa muda huo mfupi, ukishavuka unapungua na boti inachangamka yenyewe. Na boti haina gia za kubadilisha, ina mbele, nyutro na nyuma, basi. Propela imechaguliwa kwa mwendo wa mwisho, kwa hivo pale kilimani injini iko kama matatu iliyojaa watu inayoambiwa ipande Mazeras na gia ya nne. Mizunguko ya injini iko 1,800 ama 2,000 kwa dakika, moshi ni mchache, turbo bado inasinzia, na hapo ndo boti inadai kila kitu.

Kama mashine ni kubwa na boti ni nyepesi hutahisi kitu. Lakini boti ikitoka kiwandani ikijaribiwa na watu wawili na robo tangi ni mambo mengine na boti ya Mombasa siku ya Jumapili: tangi zote zimejaa, maji ya kuogea, jenereta, AC, masanduku mawili ya barafu, wajomba, watoto, na rangi ya chini imepakwa mwaka juzi. Utaiona inang'ang'ania pale kilimani omo ikiwa juu, nahodha haoni mbele, moshi mweusi unarudi kwenye viti vyeupe vya nyuma, na mwenye boti anapiga kelele watu wasogee mbele, wasogee mbele. Injini ya aina hiyo ikikaa hapo dakika nzima inaumia kweli, manake inamwagiwa mafuta na hewa hakuna.

Hapo ndo Volvo Penta, watengenezaji wa injini za boti wa Sweden, walipoingia na hizi zao mwanzoni mwa miaka ya 90. Walikua na AD41, silinda sita, lita 3.6, turbo na aftakula (kipoza hewa kabla haijaingia silinda), HP 200. Wakachukua kinu kilekile cha lita 3.6 wakakifunga supachaja juu, wakaanza na KAD42 ya HP 230, baadaye ikaja KAD44 ya 260 na KAD300 ya 285, zote zikienda mpaka mizunguko 3,800 kwa dakika. Hiyo K mbele ni ya kompresa, yaani hiyohiyo supachaja, na ndo mafundi wengi wanavyoiita, "ile ya kompresa". Ilikuwepo hata ndogo ya silinda nne, KAD32, lita 2.4 na HP 170. Kuanzia 2003 zikaja D4 na D6 za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha mafuta silinda zote) zenye kompyuta, na matoleo yao yenye HP nyingi nayo yana kompresa juu ya turbo, yale ya chini hayana. Kwa hivo ukiambiwa tu "ni D4" bado hujaambiwa kitu, uliza namba kamili.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kompresa haizunguki muda wote. Iko na klachi ya umeme, aina ileile ya klachi ya kompresa ya AC ya gari, fundi yeyote wa AC akiifungua ataitambua. Mizunguko ikifika kama 1,500 na umesukuma aksela, klachi inashika, kompresa inaanza kusindilia hewa, na unaisikia: mlio mkali wa juu unaingia ghafla, mgeni anageuka kukuangalia. Boti inanyanyuka na kulala. Kwenye 2,600 hivi turbo imeshaamka, klachi inaachia, mlango wa hewa unafunguka ili hewa ipite pembeni, na mlio unakatika. Kuanzia hapo unaendesha injini ya turbo ya kawaida. Muda wote kompresa ilikua kazini labda ni sekunde kumi.

Hizo sekunde zina thamani, wallahi, sizibezi. Mtu anayetoka na kuingia kwenye mlango wa mwamba maji yakipwa na kusi ikisukuma kutoka nje anajua nnachosema. Unasubiri ndani, unahesabu mawimbi, unaona nafasi, unasukuma aksela, na pale hutaki injini inayofikiria kwanza. Ukiwa na turbo peke yake kwenye boti nzito unaweza ukajikuta katikati ya mlango omo iko juu, mwendo noti 9, na wimbi linalofuata limeshajikusanya. Yenye kompresa inaondoka pale unapoiambia.

Faida nyengine ambayo wauzaji hawaitaji sana, na kwangu mimi ndo kubwa kuliko ile ya kuondoka, ni mwendo wa kati. Siku ya bahari mbaya huwezi kwenda noti 24, boti itapasuka na watu watavunjika migongo. Unataka 12, 13, 14, iwe juu ya maji lakini taratibu. Injini ndogo ya turbo peke yake mahali hapo inachokesha, ukirudisha aksela kidogo turbo inalala na boti inaanguka nyuma ya kilima, ukiongeza inaruka hadi 18, unashinda hivo kutoka Vipingo hadi Kilifi mkono haupumziki. Yenye kompresa inakaa hapo unapoiweka. Moshi pia ni mchache, na mashine ni nyepesi kuliko kubwa ya nguvu ileile, na kwenye boti yenye stendraivu (injini ndani, mguu wa propela nje nyuma), uzito wote uko nyuma tayari, kilo mia pungufu kule tezini unaisikia.

Sasa yale mengine.

Wanaovua kwa kukokota wanisikilize vizuri. Unakokota kwa noti 6 mpaka 8 masaa na masaa ukisubiri nguru ama jodari, na sulisuli Mungu akipenda. Mizunguko ya injini kwa mwendo huo kwenye boti nyingi inaangukia 1,300 mpaka 1,600, yaani palepale kwenye mpaka wa klachi. Wimbi likiinua boti mizunguko inapanda, klachi inashika, likipita inaachia, tk, tk, asubuhi nzima. Kwenye zile za kompyuta mambo ni afadhali manake inaangalia pia umesukuma aksela kiasi gani, lakini zile za zamani klachi inakwisha hivo na mwenye boti hajui kwanini. Nahodha mwenye masikio anasogeza mizunguko mia moja chini ama juu na mambo yanatulia. Na hata kama haichezi, kwa masaa hayo yote hulipiwi chochote na kompresa yako, imelala, turbo nayo imelala, unaendesha dizeli ya lita 3.6 isiyo na kitu, inafanya kazi nyepesi mpaka inajaa masizi. Mkimaliza kuvua mpeni mashine dakika kumi za mwendo wa maana kabla ya kurudi, itajisafisha.

Alafu joto. Hewa ikisindiliwa inapata joto, na Roots kwa hilo ni mbaya kuliko turbo, inapasha hewa sana kwa kazi inayofanya. Ndo maana kuna aftakula inayopozwa na maji ya bahari. Sasa hizi mashine zilibuniwa Sweden, kule maji ya digrii 15 ni siku ya kuogelea. Kwetu kaskazi ikichacha, Februari Machi, maji ya juu yako 28, 29. Hewa inayoingia silinda inakua na joto zaidi kwa tofauti hiyohiyo, inakua nyepesi, na unapoteza asilimia chache za nguvu hata kama kila kitu ni kipya. Weka juu yake aftakula iliyoziba chumvi na mabaki ya mafuta, ambayo haijafunguliwa tangu ije, na utaelewa kwanini boti iliyoandikwa noti 32 kwenye karatasi inakupa 26. Mimi aftakula naifungua kila baada ya miaka miwili, na ikianza kuvuja maji ya chumvi ndani ya injini hutapata onyo la maana, utapata injini iliyokwisha.

Lakini kinachoziua hizi kompresa hapa kwetu hasa ni kukaa. Boti nyingi za starehe zinafungwa Aprili na kuamshwa Agosti. Miezi yote ile ya kusi na mvua ziko pale Mtwapa ama Kilifi ndani ya krik, turubai juu, hewa ya chumvi na unyevu ndani ya chumba cha injini, na hakuna anayezizungusha. Rota za kompresa ni za alumini na nafasi kati yao na kasha ni nyembamba kama karatasi. Nilifungua moja msimu uliopita, kwa nje safi hata rangi haijaguswa, ndani rota moja imepata unga mweupe upande uliokua umeangalia juu, umevimba kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba, na rota imekamata. Ukipapasa kwa kidole unaukwaruza, lakini chini yake alumini imeshaliwa, kuna vishimo. Beringi ya mbele ukiizungusha inasema krr krr. Mwenye boti alikua ameiwasha injini vizuri tu asubuhi ile, ikashika mara ya kwanza, moshi wa kawaida, presha ya oili nzuri, akafurahi, akatoka. Alipofika nje akasukuma aksela, klachi ikashika kompresa ambayo haizunguki, mkanda ukaanza kuteleza, harufu ya mpira unaoungua ikajaa boti nzima na wageni wakadhani boti inaungua moto. Bahati nzuri mkanda ule ulikua wa kompresa peke yake. Pangekuwa na pampu ya maji kwenye mkanda huohuo tungekua tunaongea habari nyengine.

Tiba yake ni bure na hakuna anayeifanya: kila wiki mbili mtu aende, awashe, aipashe moto, aifikishe mizunguko ya kushika klachi kama mashine yenyewe inaruhusu ikiwa imefungwa, na kama hairuhusu basi azime injini aizungushe pulli ya kompresa kwa mkono. Dakika tano. Mlinzi wa boti anaweza kufanya hiyo ya mkono. Pia kompresa nyingi zina oili yake ndogo ndani, mbali na ya injini, na watu wanabadilisha oili ya injini kila msimu na ile nyengine hawajui hata kama ipo.

Ikishaharibika, beringi zina namba na mara nyingi utazipata hapahapa Mombasa, sili za kuzuia oili pia ukizunguka. Rota na kasha ndo hupati. Unaagiza, unasubiri, unalipa ushuru, na bei ukitajiwa unakaa kwanza. Kinachookoa ni kwamba kwenye hizi za klachi injini inakwenda bila kompresa. Unachomoa waya wa klachi, hewa inapita pembeni, unarudi nyumbani. Utapanda juu ya maji kwa shida ama hutapanda kabisa, lakini utafika.

Na hapo pana ujanja. Nimeshaitwa kuangalia boti ambayo mnunuzi alikua ameshalipa, akilalamika ni nzito kuondoka. Kompresa ipo, mkanda mpya kabisa unang'aa. Waya wa klachi ulikua umekatwa ndani ya fungu la waya, ukazibwa kwa tepu, fungu likarudishwa na kufungwa zipu vizuri. Aliyeuza alijua. Mkanda ulikua mpya kwa sababu haukuwahi kufanya kazi.

Kitu chengine kinachonikera kuhusu supachaja, na hiki ni kwa upande wa akili zaidi kuliko chuma: inaficha ugonjwa. Boti ya turbo peke yake chini ikichafuka, ama mtu akiweka propela kubwa kupita kiasi, inakuambia mapema, inakataa kupanda. Unakasirika, unaipandisha chelezo, unakwangua, inapona. Yenye kompresa inapanda tu. Mwenye boti haoni tofauti pale mwanzo kwa hivo anaona iko sawa, kumbe juu kule injini iliyotakiwa ifike 3,800 inaishia 3,400, iko kwenye mzigo kila dakika ya safari, egzosti iko moto kupita kiasi, na inajila pole pole. Wazee walipandisha jahazi na kulipaka shahamu bila kusubiri lilalamike, na sisi na mashine zetu za mamilioni tunangoja moshi. Kwa hivo ukiwa na injini ya aina hii usiangalie inavyoondoka. Angalia geji ya mizunguko aksela ikiwa mwisho, tangi limejaa. Ikipungua mia mbili kutoka ile ya kiwandani, nenda chini ya boti.

Kuna wazee watasema, mbona Detroit za zamani, zile dizeli za Marekani, zote zilikua na blowa, yaani supachaja ya Roots, na zimekwenda miaka hamsini. Kweli, ila hiyo sio kitu kimoja. Detroit ya 71, iliyotoka 1938, ni ya stroku mbili, haina stroku ya kuvuta hewa, kwa hivo blowa pale ni pafu lake. Inasukuma hewa kupitia matundu kwenye laina (ukuta wa ndani wa silinda), moshi wa zamani unatolewa kupitia valvu za juu. Blowa ikifa, injini imekufa, hakuna habari ya kuchomoa waya ukarudi nyumbani. Zile boti za kushusha askari ufukweni wakati wa vita vya pili, za Higgins, nyingi zilikua na mashine ya HP 225 ya Gray Marine iliyotokana na 6-71. Chuma cha ajabu. Inapiga kelele mpaka meno yanauma, inavuja oili hata ikiwa mpya, na ina kile kibati cha dharura cha kuziba hewa endapo itaanza kula oili yake yenyewe na kukimbia bila breki. Nazipenda. Nisingeweka kwenye boti ya familia.

Wa ziwani nao wananiuliza, na kwao jibu langu linabadilika kabisa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Dizeli isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, kwa hivo Kisumu ama Mwanza umeshapoteza zaidi ya asilimia 10 kabla hujatoka gatini. Turbo inarekebisha hilo, lakini inarekebisha kule juu ikiwa imeamka, pale kilimani bado imelala na injini iko kwenye hewa nyepesi, kwa hivo kupanda juu ya maji ni kugumu kuliko Mombasa na boti ileile. Kompresa inaziba pengo palepale. Na maji ni baridi, hayana chumvi, hakuna unga mweupe kwenye alumini, aftakula inakaa safi. Mtu wa Kisumu, Entebbe ama Mwanza akiniambia amepata boti ya kompresa kwa bei nzuri namwambia mjomba, chukua, ila ujue fundi utamtoa mbali.

Kwa pwani, nani achukue? Anayetoka kila wiki mwaka mzima, anayepita mlango mbaya, ana nahodha wa kudumu anayeijua mashine kwa sauti, na boti ilitengenezwa na hiyo injini tangu mwanzo. Mwenye hoteli anayepeleka wageni kila siku, sawa. Watu hao kompresa inawalipa, manake haipati nafasi ya kulala.

Wewe wa Disemba na Pasaka, tafuta turbo peke yake na ujazo mkubwa. Kuna Yanmar ya 6LPA, HP 315, ambayo msingi wake ni ile dizeli ya Land Cruiser ya lita 4.2, haina mkanda wa kompresa, haina klachi, na mafundi hawaogopi kuifungua. Kuna Cummins ya lita 5.9, silinda sita, nzito, ya kizamani, inavuta kutoka chini bila msaada wa mtu, na chuma chake kinajulikana na kila mtu aliyewahi kutengeneza lori. Utabeba kilo zaidi na boti haitakua ya haraka kama ile ya kwenye video. Kelele itakua ya chini, ya kuguna. Na ukiifunga Aprili ukairudia Agosti, itakua imekosa betri tu.

Kama bado roho imependa ile ya kompresa, basi nenda mwenyewe ama mtume mtu, usinunue kwa picha. Injini ikiwa imezimwa, zungusha pulli ya kompresa kwa mkono, iende laini bila krr krr na bila kukwama popote. Mpelekee klachi volti kumi na mbili moja kwa moja usikie inashika. Fuata waya wake kwa kidole mpaka mwisho, usiamini tepu. Fungua bomba la hewa baada ya kompresa uangalie ndani na tochi, oili kidogo sio shida, oili inayotiririka ama chumvi ni shida. Alafu jazeni tangi, mlipie mwenyewe hayo mafuta kama ni lazima, pandisheni watu, mtoke nje. Usikilize mlio ukiingia na ukikatika, uangalie moshi nyuma, na usukume aksela mwisho mpaka geji isimame, uisome. Muuzaji akikuambia boti inajaribiwa kwa robo tangi tu, kuna wauzaji wengine.

Na ukishainunua, mkanda wa spea na spana ya kuubadilishia vikae ndani ya boti, sio nyumbani Nyali.